Vyote kwa Safari Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ushindi! Mama mkwe amekubali kuhamia kwetu. Mke wangu amembembeleza miaka mitatu, tangu baba yake, mwalimu, alipofariki. Leo mke wangu alipokata simu alilia, kisha akafagia chumba cha nyuma mara mbili. Sharti la mama ni moja tu: vitu vyake vyote vije pamoja naye, safari moja, kisibaki hata kijiko. La sivyo haji.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ana lori. Alijitolea kubeba. Nikakataa. Nikikubali, nitakumbushwa mpaka kiama ni nani aliyemleta mama. Nina pikapu yangu. Shemeji akasema kwa pikapu hiyo ni safari tatu. Alisema kwa upole. Upole huo ndio ulioniuma.

Jumanne, tarehe 4

Kwenye mlango wa gari kuna kibati: mwisho kilo elfu moja. Nimekitafakari. Waliolitengeneza wana adabu tu, kama mgeni anayesema ameshiba huku anaangalia sufuria. Vitu vya mama nakisia ni mara mbili ya hapo. Kabati la mbao ngumu, vitanda viwili, cherehani ya miguu, mapipa, katoni ishirini za vitabu vya marehemu.

Tatizo ni kwamba nyuma itabonyea na kila mtu ataona. Nimekwenda kwa fundi, ameongeza mabamba mawili kwenye springi kila upande. Alinung'unika muda wote. Eti springi ni shahidi, na mimi namziba mdomo. Eti breki hazijaongezewa kitu. Mafundi wanapenda kutisha watu.

Alhamisi, tarehe 6

Majaribio. Nimepakia mawe ya jirani mpaka juu. Nyuma haikushuka hata kidole!

Na kuna faida ambayo sikuitegemea: usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli. Nakata kona kwa kidole kimoja. Nilipita kwa fundi kumsimulia, nikidhani atafurahi. Aliweka spana chini, akaniambia usukani ni mwepesi kwa sababu mzigo wa nyuma unanyanyua mbele, na tairi za mbele karibu zinaelea. Nilimshukuru nikaondoka. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, tarehe 8

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuhama.

Tulipakia tangu asubuhi nyumbani kwa mama. Mzigo ukapita paa. Shemeji alizunguka gari mara mbili, akaniomba nimwachie angalau vitabu, atafuata nyuma na lori. Nikasema sharti ni sharti. Mama akapanda mbele, mkoba mapajani, akaitazama nyumba yake hadi tulipokata kona.

Baada ya kona ni mteremko, na chini yake soko dogo. Nikakanyaga breki. Gari likaendelea. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Harufu ya kuungua. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya alisimama katikati ya njia, hajui arudi au avuke. Tulitazamana. Nikarudisha gia ya kwanza, gari likalia, nikazungusha usukani wangu mwepesi na tairi hazikusikia. Ziliposikia tulikuwa tumeshamkaribia. Tukapanda rundo la mchanga la wajenzi, tukasimama. Kati yetu na yule mama palibaki hatua nne. Nimezipima mwenyewe.

Hakuna aliyeumia. Vitabu vilimwagika barabara nzima. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, gari limeshasimama. Achia usukani." Nilikuwa bado nimeung'ang'ania.

Aliviokota vitabu yeye mwenyewe, akivipangusa kwa khanga. Nilimwambia yote haya ni kwa ajili ya sharti lake. Ndiyo, niliyasema hayo. Hakukasirika.

"Nilitaka vyote siku moja kwa sababu najijua," akasema. "Kikibaki kimoja nitakifuata. Na nikirudi pale, sitatoka tena."

Shemeji akafika na lori, akapakia kila kitu. Akamuuliza mama ampeleke wapi. Mama akasema nyumbani. Akimaanisha kwake.

Mke wangu alikuwa ameshatandika kitanda cha mama. Nilipomsimulia, alikitandua taratibu, akakunja shuka, foronya, shuka. Hakuuliza habari za gari.

Jumapili, tarehe 9

Sikutoka. Nimemfikiria yule mama wa nyanya. Huenda ana watoto waliokuwa wakimsubiri. Nimefikiria pia miaka mitatu ya mke wangu, nilivyoimwaga mteremkoni asubuhi moja. Naona aibu, na hapa sina wa kumdanganya.

Nimemwapia mke wangu kwamba mzigo wa mama hautazidi tena kipimo. Akasema hakuna tena mzigo wa mama.

Ijumaa, tarehe 14

Amepiga simu! Anakuja! Kesho!

Mama amesema ameishi wiki nzima na vitu vyake vyote, na usiku hakuna hata kimoja kilichomjibu. Vitabu amevigawa shuleni. Vilivyobaki vikae kwa shemeji. Atakuja na begi moja. Na ameomba nimfuate mimi, si shemeji, nisije nikabaki na hofu ya barabara. Mke wangu alinipa simu nimsikie mwenyewe. Nililengwalengwa na machozi.

Begi moja! Pikapu nzima, breki mpya, safari ya saa mbili, na nyuma patupu. Ni kufuru. Nimeshaongea na wajenzi wa lile rundo la mchanga. Wana mifuko arobaini ya saruji inayohitaji kuja upande huu. Saruji hukaa chini, imetulia, si kama makabati. Na kiapo changu kilihusu mzigo wa mama.

Mama amesema safari hii hana wasiwasi, huenda hata akasinzia njiani. Nimemwambia asinzie tu. Akisinzia hatageuka nyuma.