Ombi la Kuishusha Thamani Wodi ya Wazazi

Kwa Mheshimiwa Shemeji, Mthamini wa Majengo wa Halmashauri,

Nakuandikia kama muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi, hospitali ya umma. Ushemeji tuuweke kando kidogo, ingawa mdogo wangu ndiye anayekupikia.

Ulipita hapa na tepu yako, ukatupandishia kodi ya jengo kwa kuwa eti limeboreshwa. Kodi hiyo inatoka fungu lile lile la glavu. Nimechoka kumwambia mama aliyeshikwa na uchungu atume mtu dukani akanunue glavu. Naona aibu, shemeji. Kwa hiyo pokea malalamiko yangu, pamoja na marekebisho tuliyokwisha kufanya:

1. Uliandika kwamba tumepaka rangi. Ni kweli, na tunajuta. Wasafishaji wameikwangua kwa visu, na ukuta sasa una sura ya mtu mwenye ukurutu.

2. Korido uliihesabu kuwa wodi kwa sababu ulikuta akina mama wamelala humo. Walilala humo kwa kukosa wodi. Tumewaomba wasinzie wakiwa wamesimama, nao wamenitukana vizuri tu.

3. Maji ya moto uliyaita anasa. Tumeyakata.

4. Paa ndilo lililotuponza zaidi, maana ulisema bati linang'aa hadi barabarani. Jana fundi wetu aling'oa mabati yote juu ya kitanda cha kujifungulia. Daktari amenuna, lakini daktari anajua nini kuhusu kodi? Mtoto wa kwanza kuzaliwa hapo alipiga chafya kabla ya kulia. Tumemwandika kuwa mzima.

Naomba basi urudi upesi, utupime upya na ututangaze kuwa gofu, kwa kuwa gofu halitozwi kitu. Tukishakuwa gofu rasmi tutanunua glavu na kuwahudumia watu kama hospitali. Ukichelewa, nitaanza na milango.

Nisalimie ofisi nzima, hata yule karani aliyetuita wakwepa kodi.

Ni mimi shemeji yako, kwa heshima yote iliyobaki,
Muuguzi Msimamizi

Nyongeza: Mkeo ameletwa sasa hivi, uchungu umemjia kabla siku zake hazijatimia. Amelala, akatazama juu, akaona mawingu, akauliza ni mpumbavu gani aliyeng'oa paa. Nimemwambia ni wewe. Fundi yuko juu anagongelea mabati, nami nimemwagiza asibakize hata tundu la msumari. Kodi andika unavyotaka, tutalipa. Wewe njoo haraka, na uje na glavu.