Malalamiko ya Kung'olewa kwa Milango Yangu Katika Programu ya Kliniki ya Meno

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Karakana ya Programu,
ambaye pia ni mdogo wangu wa mwisho,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako. Nusu ya heshima hizo naomba unirudishie, maana mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, na ulikuwa mzito.

Naandika nikiwa nyumbani, kwenye meza ya kulia, shavu la kushoto limenivimba kwa sababu ya jino. Mama amenikalia kooni niende kliniki. Siendi, na sababu utaikuta huko chini. Hata hivyo nakujulisha rasmi kwamba wiki hii sijaja kazini si kwa sababu naumwa, kama Shemeji, mkeo, alivyoandika kwenye ubao wa ofisi. Sijaja kwa sababu nimenuna. Naomba ubao urekebishwe.

Siku hizi unashinda kwenye mikutano na wateja, huenda kazi yenyewe umeshaisahau, kwa hiyo nitaanza mwanzo. Programu ya kuita wagonjwa kwenye kliniki ya meno tuliijenga kwa vipande vitatu, yaani moduli: ya namba, ya skrini na ya sauti. Kila moduli ina mlango wake wa kuanzia, pale kompyuta inapoingilia na kuanza kazi, ili fundi aweze kuijaribu peke yake bila kuziamsha nyingine. Zikishaunganishwa unatakiwa ubaki mlango mmoja tu. Ikiwa zaidi, mashine inagoma, haijui ianzie wapi. Ndiyo maana juu ya kila mlango wa majaribio tunaandika sharti: kama tunajenga kwa ajili ya majaribio, mlango huu uwemo, kama tunajenga kwa ajili ya mteja, uachwe nje. Sharti lisipotimia, kipande hicho hakiingii kabisa kwenye programu. Ni kama hakikuandikwa. Sasa nina malalamiko yafuatayo.

1. Kwamba milango yangu yote (ya wenzangu pia naihesabu yangu) imeng'olewa bila mimi kushirikishwa. Nilifika kazini Jumatatu ya wiki iliyopita, nikafungua moduli ya sauti, nikakuta ukuta mtupu. Nikafungua ya skrini, ukuta. Ya namba, vilevile. Shemeji, ambaye kazi yake ni kuunganisha moduli zetu na kuijenga programu nzima, alinijibu kwa upole kwamba majaribio yote sasa yamehamishiwa kwenye chumba cha pekee, nje ya moduli, na programu inayokwenda kwa mteja ina mlango mmoja anaousimamia yeye. Upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Mtu akikung'olea mlango, angalau akutukane kidogo ili upate pa kuanzia ugomvi.

2. Kwamba sharti langu limeitwa sharti la ovyo, tena mbele ya watu. Nakubali kwamba wenzangu waliandika "kama ni majaribio" na mimi niliandika "kama kompyuta inayojenga ni ya Kaka". Nilikuwa na sababu. Mimi husahau kubadilisha majaribio na mteja, lakini sijawahi kusahau kwamba kompyuta yangu ni yangu. Nilijiuliza, ni nani mwingine atakayekaa kwenye mashine ile, yenye herufi A iliyobanduka na kiti kinachoinamia upande? Jibu ni Shemeji. Kompyuta yake ilikufa siku ileile ya kujenga programu ya kliniki, akaniomba yangu kwa adabu, na mimi kwa adabu vilevile nikamwambia chukua tu Shemeji, hii ni kama yako. Basi mashine ikaangalia, ikaona ni ya Kaka, ikautia mlango wangu na kuuacha ule wa kweli nje. Ndugu Mkurugenzi, kosa liko wapi hapo kama si kwenye malezi mazuri tuliyopewa na Mama?

3. Kwamba tukio la kliniki limekuzwa kupita kiasi. Ni kweli asubuhi ile wagonjwa walikaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa namba, na spika ikasema, kwa sauti yangu mwenyewe niliyoirekodi ndani ya kabati la nguo ili isiwe na mwangwi: "Habari za asubuhi, fundi. Leo umependeza. Bonyeza kitufe tuanze." Ni kweli pia kwamba hakuna aliyejua kitufe ni kipi, kwa kuwa kiko kwenye kompyuta yangu, na kwamba spika iliendelea kurudia mpaka daktari akatoka na koleo mkononi. Ni kweli fundi ujenzi mmoja aliyekuwa mwisho wa foleni alidhani ameitwa, akashukuru, akaingia, na kukatokea maneno makali baina yake na mama mmoja aliyefika kabla ya wote. Lakini naomba iandikwe mahali kwamba hakuna aliyeumia zaidi ya alivyokuwa ameumia tayari. Watu waliamkiwa. Waliambiwa wamependeza, na mashavu yao yakiwa vile. Ni kliniki gani nyingine inafanya hivyo?

Umeniuliza kwenye kikao kwa nini mlango wa majaribio ulikuwa unanisifia. Nilinyamaza kwa sababu Shemeji alikuwa akicheka. Nakujibu hapa: nyumbani hakuna anayeniambia nimependeza, ikabidi niandike programu. Mke wangu ameisoma sentensi hiyo kwa juu ya bega langu na ameondoka bila kusema kitu, jambo ambalo nalichukulia kama ushahidi.

Tangu siku ya tukio lile muuguzi wa mapokezi ananiita Bwana Umependeza. Hii ndiyo sababu siendi kliniki, na jino liendelee tu.

4. Kwamba masharti yote sasa yamekusanywa mahali pamoja, na ufunguo anao Shemeji. Zamani kila fundi alikuwa na sharti lake kwenye moduli yake, ukitaka kujua programu itafanya nini unatuita sote na kutuuliza mmoja mmoja. Ilichukua muda, sikatai, lakini watu walikuwa wanaonana. Sasa mtu anasoma ukurasa mmoja tu na kuelewa kila kitu. Karakana imekuwa kimya mpaka nasikia friji ya duka la chini ikinguruma.

5. Kwamba ugonjwa huu umevuka mpaka na kuingia nyumbani. Mama alikuja karakana siku moja kuleta miwani yangu, akamsikiliza Shemeji akieleza habari ya mlango mmoja, akapendezwa. Siku ya pili nikakuta mlango wa uani umefungwa kwa komeo na wa jikoni umezibwa kwa kabati la vyombo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikipitia jikoni na kuonja vyungu kabla ya wakati, na kwamba kuanzia sasa mlango ni wa mbele, kwa wote. Mke wangu akaongeza sharti: kama si saa ya kula, Baba hayumo. Nimenyweshwa dawa yangu mwenyewe, na wanaume wenzangu kwenye kundi la simu wamenicheka mpaka nimejitoa.

Na wewe nawe, siku hiyohiyo, ukafunga ngazi ya nyuma ya karakana, ile ya kupitia kwenye tangi la maji, ambayo nimeipanda tangu siku tuliyobeba meza ya kwanza mimi na wewe tukitweta. Unasema watu wote wapite mbele, dukani. Mimi si watu wote.

6. Hili la mwisho naomba ulisome ukiwa umekaa. Baada ya milango yangu kung'olewa nilitegemea programu itakataa kuwaka. Nilijipanga. Nilinyoa ndevu. Nilikaa karibu na simu nikisubiri mnipigie mseme, Kaka, njoo, tumekwama. Hamkupiga. Shemeji aliijenga kwenye kompyuta yake mpya, ikawaka, mkaenda kuiweka kwenye mashine za kliniki, mkarudi, mkanywa chai. Nimeumia, mdogo wangu. Karakana hii niliianza mimi, wewe ukiwa bado unaniomba nauli. Leo programu inasoma masharti yake, inaona Kaka hayumo, inaendelea mbele kama sikuandikwa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu kwa kuzaliwa ni mimi, mkuu kwa cheo ni wewe, kwa hiyo hapa sijui ni guu la nani litakalovunjika, lakini nahisi ni langu.

Kwa kuzingatia hayo, naomba, na kama kuomba hakutoshi basi nadai:

(a) Milango yangu yote irudishwe, na juu yake liandikwe sharti jipya: kama Kaka ameridhika.

(b) Programu yoyote itokayo kwenye karakana yetu, kabla ya kuanza kazi, iulize kwanza kama fundi yupo. Asipokuwepo, isubiri kwa heshima. Kompyuta nazo zifundishwe adabu ya kubisha hodi.

(c) Kwa kuwa sharti la (b) litawasumbua wateja, nihamishiwe kliniki, nikae kando ya spika muda wote wa kazi ili sharti liwe linatimia daima. Nitahitaji kiti kisichoinama.

(d) Kwa kuwa wateja ni wengi nami ni mmoja, kila mteja atakayenunua programu yetu apewe pamoja nayo kaka mkubwa mmoja, aliyefundishwa na mimi. Kaka wakubwa wasio na kazi wapo tele, na wengi wao tayari wamenuna, kwa hiyo mafunzo hayatachukua muda.

(e) Ngazi ya nyuma ifunguliwe.

Sitakanyaga karakana mpaka haya yote yatekelezwe, hata kama mtanibembeleza, ingawa kubembelezwa hakujakatazwa.

Nisalimie Shemeji, umwambie sina kinyongo naye bali na kazi yake. Salamu kwa watoto, kwa mwenye duka la chini, na kwa kompyuta yangu yenye herufi A iliyobanduka, mtu asiikalie. Mama anakusalimu na anasema nguo ulizoacha zimeanikwa. Mke wangu hajasema kitu mpaka sasa.

Wako katika utumishi na katika kununa,
Kaka yako mkubwa,
Fundi wa Moduli ya Sauti

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imo ndani ya bahasha nilipozidiwa na jino. Mama alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka kliniki. Nilijitanda kanga yake usoni, lakini muuguzi alinitambua na kuniambia kwa sauti kuwa leo ndiyo nimependeza kweli. Nikakaa kwenye benchi na namba yangu. Mara umeme ukakatika. Watu wakaguna, mtoto akalia, nami moyoni nikafurahi, nikasema sasa mtamtafuta fundi. Umeme ukarudi. Spika haikuuliza kama fundi yupo. Ilikohoa kidogo, ikaanzia pale ilipoachia, na sauti yangu ikasema: "Namba kumi na saba, chumba cha pili." Kumi na saba nilikuwa mimi. Ndugu yangu, lingekubaliwa ombi langu (b), mashine ingekuwa inamsubiri fundi abonyeze kitufe, na fundi alikuwa pale benchini na kanga usoni, hawezi hata kufungua mdomo kusema naam. Niliinuka nikaenda chumba cha pili. Ni mara yangu ya kwanza kusikia la mkuu. Wakati napita, yule mtoto alimuuliza mama yake nani anaongea ndani ya spika, na mama akamwambia ni mtu mmoja mwenye sauti nzuri.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya sita uyafute, pamoja na maombi yote. Kaka wakubwa msimpe mtu. Mwambie Shemeji aandike kwenye ubao kwamba nilikuwa naumwa, kisha afute. Kesho nakuja kazini, na nitapitia mbele, dukani.