Utumbo Wangu na Deni la Saumu

Jumatatu, 9 Februari 2026

Mke wangu Adila kashinda. Naenda kupimwa. Kaka yangu Mikdad alituacha mwaka jana kwa saratani ya utumbo mpana, na Dokta Saida anasema sisi ndugu wa damu tusingoje dalili. Nikaomba kile kipimo cha kupeleka choo kwenye kikopo. Unakabidhi, unaondoka zako. Akasema kwa habari za Mikdad, mimi afadhali kamera. Nikauliza kamera inapitia wapi. Mke wangu akatazama dirishani.

Naogopa, nisijidanganye. Kipimo ni Alhamisi.

Jumanne, 10 Februari

Shemeji Darwesh, kaka yake Adila, kaja kujisifu kwamba keshalipa siku zake zote za Ramadhani iliyopita. Mimi bado nadaiwa moja, na mwezi huo unabisha hodi. Akili ikafanya kazi. Kesho, mchana kutwa, sitakiwi kula, ni maji na dawa ya kusafisha tumbo tu. Njaa yote hiyo iende bure? Natia nia ya kadha, nilipe deni langu. Daktari apate utumbo wake, nami nipate saumu yangu. Adila hana haja ya kujua.

Jumatano, 11 Februari

Kasoro moja. Dawa inatakiwa kunywewa kuanzia saa nane mchana, na saumu haitaki hata tone. Nimelificha jagi la dawa uvunguni, nikamwambia Adila dawa inashuka vizuri.

Magharibi nikapita kwa Darwesh, anione nimefunga. Nilikusudia tende moja. Mkewe, Khairiya, akatandika choroko za nazi na viazi vitamu. Kukataa futari ya mtu ni kumvunjia heshima. Nikala kwa heshima. Nikaongezewa, nikaheshimu tena.

Nyumbani nikanywa nusu jagi. Nusu nyingine nimeumwagia mgomba.

Alhamisi, 12 Februari

Darwesh katuendesha mpaka Dar. Tumesimama Kerege, tukasimama Mapinga, Bunju mara mbili. Kila nikishuka anauliza kama saumu ndiyo hiyo inatoka.

Nilipozinduka na sindano ya usingizi, Dokta Saida akataka kujua choroko zile zimetoka wapi. Nikasema pengine ni za zamani. Hakucheka. Akasema kabla njia haijazibwa na uchafu wangu ameona kinyama kimeota. Huenda si kibaya bado, lakini ndivyo vinavyoanza, lazima akitoe na aone huko mbele kuna nini. Nirudi Jumanne, tumbo likiwa safi.

Adila hakunigombeza. Alilia njia nzima hadi Bagamoyo, kajifunika mtandio. Bora angenitukana. Nimemshika mkono nikaapa kufuata masharti yote, neno kwa neno.

Jumapili, 15 Februari

Toba bado imekaa. Masharti nimeyabandika ukutani.

Darwesh kaleta mwaliko, kesho anavunja jungu, karamu ya kuukaribisha mfungo: pilau na mbuzi mzima. Adila kasema siendi. Haki yake kabisa, siendi. Kesho nashinda na jagi langu.

Ila Dokta Saida karuhusu supu, mradi ichujwe. Nimesoma mwenyewe, mara tatu. Basi nimempigia Khairiya, nikamwomba aniletee supu ya mbuzi iliyochujwa vizuri. Maskini, akanionea huruma, akakubali pale pale.

Nimemwomba tu achuje kwa lile chujio lake la nazi lililotoboka.