Ukuta Unaojibu

Jumatatu, 3 Agosti

Nimepata njia ya kutoka hapa Lushebere. Ateliye moja, karakana ya sanaa huko Goma, inatafuta vijana wa kuwafundisha kutengeneza vitu vinavyomjibu mtu. Unasogea, picha inasogea. Unaimba, rangi zinabadilika. Nimeitaka kazi hii tangu nilipoona video yake kwa mara ya kwanza. Wanataka video ya kitu nilichotengeneza, kabla ya Alhamisi. Sijatengeneza kitu. Sina kompyuta. Tantine Généreuse, shangazi yangu, amesema nisipochukuliwa, Septemba naanza masomo ya uuguzi. Mimi! Nikiona sindano, anayeanguka ni mimi, si mgonjwa.

Lakini Tantine ana nyumba ya kuchajia simu. Simu za mtaa mzima zinaning'inia ukutani, kila moja na plasta mgongoni yenye namba yake ya simu. Nimezitazama mchana kutwa. Wazo limenijia, sitaki tena kukaa.

Jumanne, 4 Agosti

Mpango uko hivi: mtu anapitisha mkono mbele ya ukuta, simu inawaka na kulia. Wasanii wa Goma wana mashine ya kuuona mkono. Mimi nitakaa nyuma ya pazia, nichungulie na kubipu, yaani kupiga na kukata kabla mtu hajapokea. Kubipu hakuli yuniti.

Ila simu yangu itakuwa kazini. Nani atachukua video? Mwenye simu nzuri ni binamu yangu Esdras. Alisoma umeme, akatengeneza taa inayowaka ukipiga makofi, na tangu siku hiyo anatembea kama enjiniya. Amekubali, bora taa yake ionekane. Nimemwambia ionekane kidogo tu.

Jumatano, 5 Agosti

Ukuta umejibu! Wateja walipitisha mikono, simu zikawaka moja baada ya nyingine. Papa mmoja mwenye ng'ombe alivua kofia akausalimia ukuta. Nilibipu mpaka kidole kikafa ganzi. Hakuna aliyeniona. Hivyo ndivyo ninavyopenda kuwa msanii.

Nusu ya video ni taa ya Esdras. Nimeituma hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Agosti

Kuna jambo sikuliwaza. Watu wamechukua simu zao, wamekuta namba wasiyoijua imewabipu. Huku kwetu mtu akikubipu ana shida, lazima umpigie. Wamenipigia wote. Wengine wanauliza nani amekufa.

Kuongea na mtu nisiyemjua siwezi. Napokea, napumua, nakata. Kumbe hilo limeharibu zaidi. Mama Mukashema, mke wa mteja wetu Papa Callixte, sasa anaamini mume wake ana mwanamke anayepumua. Hachoki kupiga. "Weye mwenye kupumua, bwana yangu unamubipia nini?"

Esdras anasema niandike sentensi moja, niisome kwa nguvu, nikate. Nimeiandika.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeweza! Simu ililia, namba nyingine kabisa. Nikajua Mama Mukashema ameazima simu ya jirani. Nikasoma: "Mama, bwana yako simutaki, iko muzee, na usinipigie tena." Nikakata. Nilijisikia mtu mzima.

Kisha ujumbe ukaingia. Aliyepiga alikuwa Madame Adelaïde wa ateliye. Ameandika kwamba yeye hana bwana, kwa hiyo hajakasirika. Alitaka tuzungumze juu ya ukuta.

Nimelala chini ya blanketi tangu saa nane.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimemwandikia Madame kila kitu, kwa sababu kuandika naweza. Amejibu kwamba amecheka sana. Ukuta ameupenda, taa inamsumbua macho. Ananipa mpaka Jumanne kutuma video nyingine, ndefu, ya ukuta peke yake, ndipo ataamua. Hilo la taa nimemsomea Esdras mara mbili.

Mchana Mama Mukashema ameleta simu ya mume wake kuchaji. Nilipomwona, nikaanza kupumua. Akasimama, akasikiliza. "Njo huyu mwenye kupumua!"

Tantine alitoka mbio. Nimeeleza yote nikiangalia sakafu. Papa Callixte ameitwa, ameondolewa lawama, ameenda kunywa. Tantine amesema namba yangu ikimbipu tena mteja hata mmoja, uuguzi utaanza Jumatatu, hatangoja Septemba.

Jumapili, 9 Agosti

Sikusikia neno la misa. Nilikuwa nafikiri, na kosa nimeliona wazi: nilitumia namba yangu.

Kesho Tantine anaenda sokoni Sake na simu anaiacha nyumbani. Nitabipu na ya kwake. Yeye hana aibu, kuwajibu watu hakutamsumbua.