Kunyoosha Miguu Kabla ya Mhezi

Jumatatu, 8 Agosti 1949. Same.
Habari mbaya. Ijumaa Bwana Shauri mpya, mkuu wa wilaya, anapanda mlima hadi Mhezi kwa miguu pamoja na makarani wake wawili, mimi na Gideoni. Atakayepanda vizuri anabaki ofisini hapa. Mwingine anapelekwa Kisiwani, kule chini nyikani. Kisiwani kuna mbu, homa na simba. Sisi watu wa Usangi hatukuzaliwa kwa ajili ya simba.

Kila asubuhi nakimbia hadi stesheni na kurudi, lakini miguu inakaza kama kamba mbichi. Mwalimu wetu wa mazoezi shuleni alisema akimbiaye bila kunyoosha viungo atakatika. Hakusema wapi. Ninaogopa tangu siku ile.

Jumatano, 10 Agosti.
Utaratibu tayari. Baada ya kukimbia, nasukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini. Kisha kisigino juu ya kiti, nainama taratibu. Kila mkao naushikilia mpaka sala ya Baba Yetu iishe kimoyomoyo. Inasaidia miguu, na hofu pia.

Mama Eliakunda, mwenye nyumba, alinikuta ukutani. Nikamwamkia shikamoo bila kuuachia. Akaitika marahaba, akasema, mwanangu, ukuta huo ni wa udongo, na nyuma yake amelala mume wangu. Nilipotazama, kweli ufa upo. Nimetundika kalenda juu yake.

Ijumaa, 12 Agosti. Mhezi.
Gideoni alipanda akitafuna muwa. Kila tulipopumzika, nilinyoosha. Akaniuliza, karani mwenzangu, ngoma gani hiyo isiyo na wachezaji wengine? Nilifika juu kabla ya wote, miguu laini, na kwa mara ya kwanza sikuogopa. Hapo ndipo nilipokosea.

Kando ya njia kuna ndiva, bwawa la udongo wanamokusanya maji ya mfereji ili wamwagilie mashamba. Ukingoni umechomekwa mti mnene. Nikaushika, nikajivuta nyuma kunyoosha mgongo. Ukang'oka. Kumbe ndio kizibo cha ndiva. Maji ya maharage ya kijiji kizima yakateremka bondeni, yakabomoa na ukingo.

Mzee Aminieli, msimamizi wa maji, akapuliza baragumu la msaragambo, kuita kijiji kizima kwenye kazi ya pamoja. Watu wakaja na majembe. Walinikuta ndani ya tope hadi kiunoni, nazoa kwa kofia, kwa hofu tu. Mzee akanitazama, akawaambia, huyu ameanza kazi kabla ya baragumu. Walicheka sana. Bwana Shauri ndiyo kwanza anafika. Hakucheka. Alipendezwa.

Jumamosi, 13 Agosti.
Bwana Shauri amenisifu mbele ya wote. Karani mwenye miguu hii na moyo huu wa kazi, alisema, ni hasara kumweka kitini. Nitasimamia mifereji. Kisiwani. Gideoni, aliyefika mwisho akichechemea, atabaki ofisini, maana hafai kwingine. Nilifungua mdomo nieleze habari za kizibo. Mzee Aminieli alikuwa karibu, na jembe lake. Nikaufunga.

Alhamisi, 18 Agosti. Kisiwani.
Joto. Mbu. Jana jioni simba alinguruma nyuma ya zizi la mwenyeji wangu, Mzee Isihaka. Anasema niondoe hofu, hakiingii kitu maadamu gogo la lango liko mahali pake.

Nimefikiri sana. Ili kumshinda simba mbio, miguu lazima iwe laini zaidi. Nimelikagua lile gogo. Kimo chake kinafaa kabisa kwa kisigino. Naanza leo jioni.