Kiti Kilichobaki Wazi na Neno Zug

Jumatatu, 6 Novemba

Kiti kimebaki wazi kwenye meza ya wenyeji pale baa kwa Knut! Bibi Wiebke kahamia kwa bintiye, mji wa Kiel. Miaka yote nakunywa kaunta, nikitazama migongo yao. Ijumaa wanne waliobaki watachagua: mimi, au jirani yangu Sudhoff, daktari wa meno. Kila mmoja wetu aeleze asili ya neno Zug, ambalo kwa Kijerumani chetu ni treni, ni upepo wa mlangoni, ni funda la bia, ni hatua ya sataranji. Kura hupigwa kwa kugonga meza.

Sudhoff kanisalimu kwa tabasamu. Ana lake jambo.

Jumatano, 8 Novemba

Mke wangu Hedda kakutana na Sudhoff kwenye duka la mikate. Eti atasema maana zote zimetoka kwenye kuvuta. Rahisi hivyo? Mtego!

Mimi nimempata Mfalme Zugo, wa enzi za kale; neno limetoka kwake. Hedda kauliza kazikwa wapi. Nimemwambia aache kuvuruga utafiti.

Jumamosi, 11 Novemba

Jana! Nilitangulia kufika, nikafungua kidogo dirisha nyuma ya kiti cha Sudhoff. Akohoe, asahau.

Nilianza mimi. Bibi Terhorst, mmoja wa wale wanne, akauliza kama huyo Zugo alikuwa shemeji yangu, maana uso wa uongo ni ule ule. Wakacheka, lakini wawili wakagonga. Mbili zangu!

Zamu ya Sudhoff. Bibi Terhorst akapiga kelele, jamani upepo, mnataka kuniua? Sudhoff akashukuru kwa mfano: upepo umevutwa na ufa, behewa na injini, bia na koo, kete na mkono. Kuvuta tu. Mnafiki!

Hofu ikanishika kibofu. Nikakimbilia chooni. Niliporudi nikaigonga meza kusalimu, kama afanyavyo kila mtu anayeingia tangu enzi za baba zetu.

Knut akapaza sauti: wawili waliogonga ukiwa chooni, na wewe sasa, tatu kwa mbili, Sudhoff kashinda! Nikasema ile ilikuwa salamu. Bibi Terhorst akasema haijapata kutokea salamu ya heshima kama hiyo.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimeelewa. Sudhoff ndiye aliyeninunulia bia ya pili ile Ijumaa. Alikipima kibofu changu!

Hata hivyo, Bibi Terhorst ana mjukuu mji wa Bremen, kama Bibi Wiebke alivyo na binti Kiel. Leo nimemsifia mji huo mara mbili, kisha nimempelekea sanduku la safari. Jipya, lenye magurudumu.

Kaniangalia vibaya. Huyu naye ana lake jambo.