Divai ya Dodoma Kwenye Posa Yangu

Jamani, leo nimeaibika, tena mbele ya wakwe.

Mnajua leo nilikuwa napeleka posa kwa kina Dama, Kisauni. Kwao, Wagiriama, posa ni mnazi, ile pombe inayogemwa. Binti anaonja mbele ya wazee, anameza, kisha anampa mchumba gilasi. Asipomeza, mnarudi mlikotoka. Jambo jepesi hivyo!

Mimi nikaona mnazi ni wa kila mtu. (Kiherehere kitaniua.) Rafiki yangu, dereva wa lori hapa Changamwe, alikuwa ameniletea chupa ya divai nyekundu kutoka Dodoma. Nikaifunga utepe. Mjomba, aliyekuja kuniposea, akanionya, "Nunua mnazi, wewe!" Nikamwambia atulie.

Tumefika, nikasimama na hotuba. "Wazee wangu, hizi ni zabibu nyekundu za Makutupora. Zinakuzwa Dodoma, kwenye jua kali na mvua haba..."

Mzee Kazungu, babake Dama, akanikatiza. "Mwanangu, na minazi yetu imekukosea nini?"

Watu wakacheka. Mimi nikaendelea! Kizibo nacho kikagoma, tukakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. (Hiyo ndiyo hadhi niliyoitaka.)

Dama akaletwa. Maskini, kusikia zabibu alitarajia utamu wa sharubati. Akapiga funda kubwa. Macho yakamtoka. Na ni nani aliyenituma nisimame mbele yake na shati jeupe? Pwaa! Yote kifuani kwangu.



Shangazi yake akatamka, "Ametema. Binti amekataa."

"Sijakataa mtu!" Dama akalia. "Ni kali, shangazi!"

"Kutema ni kutema."

Mjomba tayari alikuwa anatafuta viatu vyake. Nikapiga magoti, nikaomba nikalete mnazi. Mzee Kazungu akasema, "Haya, nenda mbio, kabla sijabadili nia."

Nikakimbia hadi mangweni kununua mnazi, shati likichuruzika wekundu. Mama muuzaji akashtuka.

"Mungu wangu! Nani kakuchoma kisu?"

"Sijachomwa, mama. Naposa."

Niliporudi, Dama akagugumia gilasi nzima bila kupepesa macho, akanipa. Vigelegele! Na ile chupa? Mzee Kazungu ameimaliza peke yake, halafu ananiuliza rafiki yangu anarudi Dodoma lini.

Mke nimepata. Shati ndilo limenikataa, na atakayecheka atalifua yeye.